Siku Tulipolamba Ukingo wa Mto

Nimesikia mnaenda nyanjani kwa utafiti wiki ijayo, na kwamba mmoja wenu ameuliza kama huko mtakakolala kuna mahali pa kupiga nguo pasi. Nimecheka mpaka binti yangu akatoka jikoni kuja kuangalia kuna nini. Swali si baya, ila limenikumbusha mwanafunzi wangu Mutinda, ambaye hakuuliza. Yeye alibeba pasi yenyewe, ya makaa, akaifunga ndani ya blanketi na kuipakia kwenye lori tukielekea Tseikuru. Tulipofika alikuta kazi yake pekee huko ni kukalia ramani zisipeperushwe na upepo. Kwa kazi hiyo, lazima niseme, ilikuwa pasi bora kabisa.

Nilifundisha sayansi ya mazingira sehemu kubwa ya maisha yangu, katika chuo kidogo nje ya mji wa Kitui. Kufundisha darasani nilikupenda, lakini kilichonifanya niamke mapema nikiimba ni safari. Hakuna kitu duniani kama kumwona kijana aliyezoea kunakili ubaoni akisimama katikati ya mto mkavu, ameshika jembe, macho yamemtoka, akisema, "Madam, hiki kitu hakiko kwenye kitabu!" Basi mimi hapo nilikuwa narukaruka ndani ya moyo kama msichana wa shule.

Kabla ya safari yoyote niliwafanyisha mazoezi kwenye uwanja wa mpira wa chuo. Walijifunza kupigilia nondo ardhini na kuisoma. Labda nyinyi mtapewa mashine, lakini sikilizeni hata hivyo. Unachukua nondo ndefu, unaichonga mapengo madogo kwa tupa kutoka juu hadi chini, unaipigilia mchangani kwa nyundo mpaka igonge mwamba. Ukiichomoa, kila pengo linatoka na mchanga wake. Hapo unajua mchanga ni mzito au laini, umelowa au ni mkavu, na mwamba uko chini kiasi gani. Mlio nao unasema kitu. Ikigonga mwamba inalia ngaa! na mikono yako inakufa ganzi mpaka kwenye viwiko. Ikigonga udongo wa mfinyanzi inanyamaza tu na kukwama, na itabidi mwitane watu wanne kuichomoa.

Nilikuwa pia na sheria moja ambayo sikuwahi kuilegeza hata kwa mwana wa mkubwa. Mtu yeyote akiwa ndani ya mto, kuna mwenzake amesimama juu, kwenye ukingo, anaangalia na kusikiliza upande mto unakotoka. Hafanyi kazi nyingine. Hata kama mbingu ni nyeupe, hata kama mto haujaona maji tangu mwaka jana. Wanafunzi waliita zamu hiyo zamu ya uvivu, na waliigombania.

Sasa niwaambie kuhusu Mwende.

Mwende alitoka Kalamba, msichana mwembamba asiyependa kusema, na katika mwaka wake wa mwisho yeye peke yake alikuwa hana swali la utafiti. Wenzake walishachagua: huyu mmomonyoko, yule uchomaji wa makaa, Mutinda miti ya kivuli. Mwende alikuja ofisini kwangu akaniambia, "Madam, nipe tu moja. Lolote."

"Siwezi," nikamwambia. "Nikikupa langu, ukichoka katikati utaniachia. Njoo tu Tseikuru. Ukiona kitu kikakukosesha raha, hicho ndicho chako."

Alitoka amekunja uso. Nadhani aliona ninamtesa.

Tulifika Tseikuru mwisho wa kiangazi, wakati hata vivuli vinaonekana kuwa na kiu. Tukapewa madarasa mawili ya shule ya msingi tulale. Mto ulikuwa karibu, mkavu, mweupe kwa mchanga, na watu walichota maji kwenye visima walivyochimba ndani ya mchanga huohuo. Tulikuwa tumekuja wakati mzuri kuliko tulivyojua, kwa sababu pale palikuwa na jambo kubwa linapikwa. Wakazi walikuwa wanajiandaa kujenga bwawa la mchanga. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto, mafuriko yakija yanajaza mchanga nyuma ya ukuta, na maji yanabaki yamejificha ndani ya mchanga huo, jua haliyafikii. Mahali palikuwa pamechaguliwa, karibu kabisa na kanisa. Akina mama walikuwa wamebeba mawe kwa mgongo kutoka mlimani, wakayapanga rundo kubwa kama nyumba.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Musyoka, mzee wa kanisa, mtu mrefu wa kofia nyeusi aliyetupokea kwa "Bwana asifiwe" na uji wa mtama. Mawe yalikuwa chini ya usimamizi wa Mama Kanini, kiongozi wa kikundi cha akina mama, mwenye sauti ya kuita watu walio ng'ambo ya bonde. Wote wawili walitueleza jambo moja kwa uchungu. Kisima cha pale karibu na kanisa kilikuwa kitamu baada ya mvua, lakini kiangazi kikikolea, maji yanageuka chumvi. Na walijua sababu.

"Ni mifugo," alisema Mzee Musyoka. "Hawa wafanyabiashara wa kutoka kaskazini mashariki wanashusha ng'ombe na mbuzi na punda mtoni. Mnyama anakunywa, anakojoa hapohapo. Mkojo unaingia mchangani. Tukimaliza ukuta, tutazungushia miiba mpaka kule juu wanakonyweshea, na hakuna mnyama wao atakanyaga hapa tena."

Jioni hiyohiyo tukamtembelea mkubwa wa wafanyabiashara hao, Bwana Abdi, aliyekuwa na duka na boma kubwa la mifugo. Alitukaribisha kwa chai ya maziwa yenye tangawizi, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini, akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi nimezaa watoto wangu hapa. Wakiweka miiba, wanyama watakufa, na sisi tutaondoka. Na wakija na miiba, vijana wangu hawatakaa wakitazama. Hilo ndilo linaninyima usingizi."

Tukirudi shuleni Mwende alitembea kando yangu. Halafu akasimama. "Madam, kama ni mkojo, mbona kisima cha kule juu, wanyama wanakonyweshewa, kila mtu anakunywa na hakuna anayelalamika?"

Nikajizuia nisimkumbatie. "Unaniuliza mimi?" nikamwambia. "Mimi sijui. Hilo ni lako."

Jamani, mngemwona Mwende siku zilizofuata! Yule msichana wa kunong'ona akawa kamanda. Tulikuwa na kipimo cha chumvi tulichoazima, kisanduku chenye betri na sindano inayocheza, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila yeye. Alichimba mashimo mapya mchangani kutoka kisima cha mifugo kushuka hadi karibu na kanisa na kulipita. Wenzake waliacha utafiti wao wakaja kumsaidia, Mutinda akiwa mbele na nyundo, anapigilia nondo akiimba nyimbo za harusi. Watu wa soko walikuja kutazama na kutoa ushauri. Ilikuwa kama sherehe.

Na sindano ilisema wazi. Kwenye kisima cha mifugo maji yalikuwa matamu kuliko yote. Ukishuka yanaendelea hivyohivyo, halafu ghafla, ukifika kona ya mto kabla ya kanisa, sindano inaruka. Inabaki juu mpaka unapita kanisa, kisha inaanza kushuka polepole.

Mwende akapeleka habari kwa kamati. Niliketi nyuma makusudi, kwa sababu kazi ya mwanafunzi wako ukiisema wewe, umemnyang'anya. Alieleza vizuri, kwa heshima, akitaja kila mzee kwa jina. Mzee Musyoka alisikiliza, akavua kofia, akaivaa tena.

"Mwanangu," akasema, "hicho kisanduku chako sikidharau. Lakini unaniambia chumvi haitoki kwa wanyama. Sawa. Inatoka wapi?"

Mwende akamjibu, "Bado sijui, mzee."

"Basi ukijua, uje. Saruji inafika wiki hii, na sisi tutaanza."

Mama Kanini naye akaongeza, "Na mimi nimebeba mawe hayo na mtoto tumboni. Ukitaka niyatoe hapo, lete kitu ambacho macho yangu yanaona, si sindano."

Usimdharau anayekuuliza swali kama hilo. Mzee Musyoka hakuwa mkaidi. Alikuwa na kijiji kizima mabegani, na "bado sijui" haiwezi kubeba ukuta. Nilimwambia Mwende hivyo tukitoka nje. Alikuwa analia, lakini analia kwa hasira, na hasira ya namna hiyo ukiwa mtafiti ni petroli.

Kesho yake tukashuka mtoni mapema. Zamu ya ukingoni ilikuwa ya Mutinda. Mbingu ilikuwa safi juu yetu, ila mbali sana, kwenye vilima, kulikuwa na kitu cheusi kama moshi. Mwende alikuwa ndani ya shimo hadi kifuani, karibu na kanisa. Mimi nilikuwa kando yake nashika karai.

Mutinda hakuimba siku hiyo. Nilisikia tu sauti yake ikipasuka: "Tokeni! Tokeni mtoni! Acheni kila kitu!"

Sikuuliza. Nilimshika Mwende kwapani, mwingine akamshika upande wa pili, tukamng'oa kama muhogo. Tukakimbia kwenye mchanga, na mnajua mchanga unavyokula miguu, unakimbia na huendi. Tulipopanda ukingo ndipo na mimi nikasikia, mngurumo wa chini kama malori mengi yanakuja pamoja. Kisha maji yakatokea kwenye kona. Si kama mnavyodhani, maji yakipanda polepole. Ulikuwa ukuta wa rangi ya chai, umebeba magogo, umebeba miiba, mbele yake povu limejaa takataka na panzi wanaruka. Ulipita pale Mwende alipokuwa amesimama, ukameza jembe letu, karai na nondo yetu. Kisanduku cha chumvi Mwende alikuwa amekikumbatia kifuani; sijui alikichukua saa ngapi.

Mutinda akaanza kucheka, na sote tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu siku hiyo hakuna aliyeita zamu ile zamu ya uvivu.

Mafuriko ya namna hiyo hayakai. Asubuhi iliyofuata mto ulikuwa umeshuka, umebaki mkondo mwembamba. Mwende alitangulia kabla ya chai. Nilikuwa ndiyo kwanza nanawa uso nilipomsikia akiniita, na haikuwa sauti ya kawaida. Nikaenda mbio na taulo shingoni.

Mafuriko yalikuwa yamekata ukingo wa upande wa kanisa kama kisu kinavyokata mkate. Vichaka vyote vilivyouficha vilikuwa vimekwenda. Na pale kwenye ukuta mpya wa udongo, mbuzi wa Bwana Abdi, wale waliolaumiwa, walikuwa wamejipanga ubavu kwa ubavu, shingo zimenyooka, wanalamba. Wanalamba ukuta!

"Madam, unaona?" Mwende alikuwa ananivuta mkono. "Unaona wanalamba mstari mmoja tu?"

Kweli. Kulikuwa na tabaka la udongo wa kijivu, nene kama goti langu, na kutoka kwake yalichuruzika maji kidogo kidogo yakielekea mchangani. Lilianza juu kidogo ya kanisa na kuzama chini upande wa pili, palepale sindano ilipoanza kupanda na palepale ilipoanza kushuka. Mwende akachovya kipimo kwenye maji yale. Sindano ikaruka mpaka mwisho ikagonga ukuta wa kisanduku. Akakwangua udongo kwa kucha, akatia ulimini, akafumba macho.

"Chumvi," akasema. Kisha akapiga kelele, yeye Mwende wa kunong'ona, "Chumvi! Ni ardhi yenyewe!"

Nilicheza dansi. Sioni haya kuwaambia. Nilicheza na taulo shingoni, wanafunzi wakanizunguka wakicheza pia, na mbuzi hawakugeuka hata kidogo.

Kufikia saa za chai mto ulikuwa umejaa watu. Mzee Musyoka alikuja, Mama Kanini akaja na kikundi chake chote, Bwana Abdi akaja na wanawe wakasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Mwende hakuhutubu. Alionyesha tu tabaka lile, akaeleza kwamba mvua ikinyesha maji mengi ya mto yanaizimua chumvi, ndiyo maana kisima huwa kitamu. Kiangazi kikiingia mto unanyamaza, lakini ukingo unaendelea kuchuruzika. "Ukuta ukijengwa hapa," akasema, "tutakuwa tumejenga tangi la kuwekea chumvi. Msiniamini mimi. Onjeni."

Ndipo Mama Kanini akapita mbele, akapangusa ukuta kwa kidole, akalamba. Uso ukamkunjamana wote.

"Munyu!" akapiga kelele kwa Kikamba. "Wallahi, ni chumvi tupu!" Hiyo wallahi aliiokota dukani kwa Bwana Abdi, na Bwana Abdi alikuwa wa kwanza kucheka.

Basi wakaja mmoja mmoja, wazee kwa akina mama, wakalamba ukingo. Mzee Musyoka alilamba akiwa amevua kofia, kama mtu aliye kanisani. Kisha akavuka mchanga wenye majimaji, viatu vyake vya Jumapili vikizama, mpaka kwa Bwana Abdi.

"Tumekusema vibaya," akamwambia mbele ya watu wote. "Wewe na wanyama wako. Naomba mtusamehe."

Bwana Abdi akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee, yameisha. Sasa tuseme, ukuta tunauweka wapi?"

Sikilizeni lile neno, "tunauweka". Nimehudhuria mikutano mingi maishani, ya wenye tai na ya wasio na tai, na sijasikia neno lililonipa raha kama hilo.

Mwende akawaonyesha mahali alipopapima kule juu mtoni, kabla ya tabaka la chumvi, ambapo nondo ililia ngaa! baada ya kushuka kidogo tu, mwamba ukivuka mto kutoka ukingo hadi ukingo, na maji ni matamu. Walikubaliana kuweka hori la mifugo upande mmoja, chini ya ukuta, watu wachote upande wa pili. Saruji ikahifadhiwa dukani mpaka mvua zipite na mto ukauke.

Likabaki rundo la mawe. Mama Kanini alilitazama, akalitazama na lile eneo jipya, mbali kule juu, akaketi juu ya jiwe akashika tama. "Mgongo huu," akasema, "haujui mambo ya utafiti."

Wanafunzi wangu wakavua viatu, wakaanza kubeba. Tulikuwa hata hatujafika mbali tuliposikia kwato. Wana wa Bwana Abdi walikuwa wanashusha punda wao wote mtoni, na magunia mgongoni ya kutilia mawe. Mama Kanini akasimama, akasahau mgongo, akaanza kutoa amri kwa punda, kwa wana wa Abdi na kwa wanafunzi bila kubagua, na sote tukatii.

Mwende aliandika utafiti wake, na walimu waliousahihisha walinung'unika tu kwamba ni mfupi. Alipoenda kuomba kazi kwenye shirika moja lililokuwa likichimba visima, walimwuliza kama amewahi kukosea. Akawaambia amewahi kusimama mbele ya kamati bila jibu, akaeleza kilichofuata. Walimpeleka Kathonzweni awafanyie wakulima kazi hiyohiyo ya kutafuta maji. Watoto wangu, mnaponiuliza kazi zinapatikana vipi, mimi sina dawa. Ila nimeona kwamba mwenye kupeleka kisa alichokiishi mwenyewe husikilizwa kuliko mwenye kupeleka vyeti peke yake.

Ukuta ulijengwa, mafuriko yakaja yakaujaza mchanga. Kiangazi kilichofuata, kile kibaya kabisa cha Septemba, nilirudi Tseikuru na kundi jipya, na Mwende akaomba ruhusa kazini aje nasi. Njia nzima alikuwa anauma kucha. Tulimkuta Mzee Musyoka kwenye ukuta, anasimamia zamu za kuchota, na ng'ambo ya pili ng'ombe wa Bwana Abdi wakinywa kwenye hori. Mwende alishuka mchangani, akateka maji kwa kiganja, akaonja. Alikaa tu chini kwenye mchanga na kucheka, machozi yakimtoka.

Mama Kanini hakutupa nafasi ya kupumzika. Alituita kwake, akatuketisha na kutupakulia sahani za muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, zilizojaa mpaka pomoni. Maharagwe yalikuwa laini kama siagi. Yale aliyokuwa akipika kwa maji ya kisima cha chini, alituambia, yalikuwa yanachemka tangu asubuhi na bado yanagonga meno. Tukaanza kula. Wanafunzi wapya wakatazamana. Mama Kanini akatia kijiko mdomoni, akaacha kutafuna, akamgeukia Mwende na macho makali.

"Mwana wakwa, mwanangu," akamwambia, "umeniharibia mapishi. Miaka yote hii mto ulikuwa unanitilia chumvi bure. Sasa ona, chakula hakina ladha hata kidogo!"

Akainua ile sauti yake ya kuvuka bonde, akamwita Bwana Abdi kule dukani alete pakiti ya chumvi, na aje na sahani yake.